Jinsi ya kumuelewa Waziri Mkuu wa Tanzania bila kukariri majina

Siku ya mechi Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya unajaa, watu wanatoka Uyole, Mbalizi, wengine mpaka Tukuyu na Vwawa, wanashangilia Mbeya City au Prisons afu mpira ukiisha wanateremka Mwanjelwa kutafuta chakula. Sasa we msimamishe kijana mmoja pale getini umuulize huyo Sokoine alikuwa nani. Wengi watakwambia kiongozi wa zamani. Aliyesoma kidogo atasema alikuwa Waziri Mkuu. Ukiendelea ukamuuliza haya, Waziri Mkuu kazi yake hasa nini na kwa nini tunaye wakati Rais yupo na Makamu yupo, hapo anakaa kimya, na simlaumu maana shuleni tulipewa orodha ya majina na miaka tukaambiwa meza.

Mi Jumamosi huwa nakaa na vijana wa sekondari wanaojiandaa na midahalo, wengine wa hapa mjini, kuna wakati na wa Iringa nikienda kwa ndugu zangu Kihesa. Hii mada inawashinda kila mwaka. Kwa hiyo naandika hapa njia ninayotumia nao, mtu yeyote anaweza kuifuata mwenyewe na daftari moja na simu yenye data kidogo, iwe ni mwanafunzi, ni mzazi anayesaidia mtoto, au ni mtu tu anayetaka kujua nchi yake inaendeshwaje.

Kabla ya majina yoyote andika ukurasa wa kwanza wa daftari swali hili: nani kamweka, na nani anaweza kumtoa? Ukishapata majibu ya hayo mawili kwa kila Waziri Mkuu utamuelewa kuliko mtu aliyekariri tarehe zake zote. Cheo kinaitwa jina lilelile Uingereza, Tanganyika ya 1961 na Tanzania ya leo, lakini kazi zenyewe ni tatu tofauti na watu wanazichanganya sana.

Chukua Uingereza maana ndo cheo chetu kilikotoka. Kule wanamhesabu Robert Walpole kuwa wa kwanza, kuanzia 1721, na hakuna siku walikaa wakatunga sheria kwamba sasa tuanzishe Waziri Mkuu, kilikua taratibu tu, mfalme akawa anamtegemea mtu anayeweza kulipeleka bunge. Mpaka leo hakuna anayempigia kura ya moja kwa moja kuwa Waziri Mkuu, watu wanachagua mbunge wa jimbo lao, chama chenye wabunge wengi kinaunda serikali na kiongozi wake ndo anakuwa Waziri Mkuu, mfalme anamwita kukamilisha. Yeye ndo mkuu wa serikali, hana bosi mwingine wa kazi isipokuwa wabunge. Wabunge wa chama chake wakimchoka anaondoka hata kama uchaguzi uko mbali. Mwaka 2022 Liz Truss alikaa siku 49 tu, hajapigwa kura na wananchi kumtoa, ni imani ya wenzake iliisha.

Sasa njoo kwetu. Chora mstari mrefu kwenye daftari, ulaze ukurasa ili upate nafasi, kushoto kabisa andika 1961.

Tarehe 1 Mei 1961 Tanganyika ilipata serikali ya ndani na Mwalimu Nyerere akawa Waziri Mkuu, mwaka uliotangulia alikuwa anaitwa Waziri Kiongozi. Tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ukaja akiwa bado Waziri Mkuu. Hapa vijana wengi wanateleza, wanadhani tulipata uhuru Nyerere akiwa Rais. Hapana. Mkuu wa nchi siku ile alikuwa Malkia wa Uingereza na huku aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Nyerere alikuwa mkuu wa serikali kwa sababu TANU ilikuwa na wabunge. Yaani kwa mwaka ule mmoja tulikuwa na mfumo wa kibunge kamili, ule ule wa Waingereza, na mtu akikuuliza lini Waziri Mkuu alikuwa na nguvu kubwa kuliko wakati wote katika nchi hii, jibu ni hapo, Desemba 1961 mpaka Desemba 1962.

Halafu Mwalimu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikiwasimulia vijana wanakataa kuamini. Tarehe 22 Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru, akajiuzulu uwaziri mkuu mwenyewe akaenda kujenga chama. Akaingia Rashidi Kawawa. Na huyu ni mtu wetu, andika kwa kalamu nyekundu, alizaliwa Songea mwaka 1926, alitokea kwenye vyama vya wafanyakazi, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika kabla ya uhuru, baadaye watu wakamwita Simba wa Vita. Ni chini ya Kawawa nchi ilijiandaa kuwa jamhuri, na 9 Desemba 1962 jamhuri ilipoanza, Nyerere akarudi kama Rais mwenye mamlaka ya utendaji, Kawawa akawa Makamu, cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Hapo kwenye mstari wako acha nafasi tupu. Namaanisha tupu kweli, kutoka Desemba 1962 mpaka Februari 1972 hakuna Waziri Mkuu. Wanafunzi wanapajaza hapo jina la Kawawa wanapoteza alama. Kawawa alikuwa serikalini muda wote huo, baada ya Muungano wa 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, lakini Waziri Mkuu hapakuwepo. (Zanzibar nayo ina ukurasa wake: Mohamed Shamte alikuwa Waziri Mkuu kwenye uhuru wa 10 Desemba 1963 na serikali yake ikaondolewa na Mapinduzi ya 12 Januari 1964, akafuata Abdullah Kassim Hanga mpaka Muungano. Baadaye sana, kuanzia 1983 mpaka 2010, Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi, hicho ni cheo kingine kabisa usikiweke kwenye mstari huu.)

Tarehe 17 Februari 1972 cheo kinarudi na Kawawa ndo anakipata. Kwa nini kilirudi? Hapa ndo pananoga na panatugusa sisi watu wa nyanda za juu. Mwaka ule serikali ilikuwa inaanza Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa (zikaja kurudi 1984), watendaji wakapelekwa mikoani, na alihitajika mtu mmoja wa kuifuatilia mikoa yote siku kwa siku wakati Rais anashughulika na mambo mengine makubwa. Mwezi Mei mwaka huo huo halmashauri kuu ya TANU ikakaa Iringa mjini ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Kwa hiyo Waziri Mkuu wa miezi mitatu ofisini kazi yake ya kwanza nzito ilikuwa mbolea, mbegu na mabwana shamba, na ukiangalia kazi ya Waziri Mkuu mpaka leo bado ina harufu ya ile ya 1972: anazunguka mikoani, anaingia kwenye zahanati ambayo haijaisha, anamuuliza mkurugenzi wa halmashauri hela imekwenda wapi mbele ya wananchi. Huyu siyo yule wa 1961 tena. Wa 1961 alikuwa mkuu wa serikali. Wa 1972 ni msimamizi wa serikali ya mtu mwingine. Hiyo tofauti ndo mada yenyewe na ukiishika vizuri kwenye mdahalo hakuna wa kukushinda.

Baada ya hapo jaza majina, yanakuja yenyewe. Edward Sokoine anaingia 13 Februari 1977, ana miaka 38 tu. Novemba 1980 anakuja Cleopa Msuya. Februari 1983 Sokoine anarudi. Hii ndo inawachanganya, mi huwa nawaambia Msuya wa kwanza yuko katikati ya Sokoine wawili, kama mkate na siagi, na Msuya naye ana mara ya pili lakini iko mbali kule 1994. Awamu ya pili ya Sokoine ilikuwa fupi na ndo iliyobaki vichwani mwa watu: vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, bidhaa hazipo madukani, walanguzi wanakamatwa, watu wanatupa mali usiku. Tarehe 12 Aprili 1984 akafa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro akitoka bungeni Dodoma. Ndo huyo aliyepewa uwanja wetu na chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro.

Salim Ahmed Salim akachukua Aprili 1984, na mpaka leo ndiye Mzanzibari pekee aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Novemba 1985 Mzee Mwinyi anakuwa Rais, anakuja Joseph Warioba mpaka 1990, afu John Malecela mpaka Desemba 1994. Hawa wawili wekea alama ya pembeni kwa sababu walikuwa Waziri Mkuu na pia Makamu wa Kwanza wa Rais, vyeo viwili kwa mtu mmoja. Vyama vingi viliporudi katiba ikabadilishwa, kuanzia uchaguzi wa 1995 Makamu anakuwa mgombea mwenza wa Rais, kwa hiyo Waziri Mkuu akabaki na uwaziri mkuu peke yake. Msuya anarudi kwa muda mfupi 1994 mpaka 1995. Frederick Sumaye anakaa na Rais Mkapa kipindi chote, Novemba 1995 mpaka mwisho wa Desemba 2005, miaka 10 na mwezi mmoja, na hakuna aliyekaa mfululizo zaidi yake. Lowassa 30 Desemba 2005 mpaka Februari 2008. Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima kutoka Katavi, wakati ule bado ni mkoa wa Rukwa, mpaka Novemba 2015. Kassim Majaliwa wa Ruangwa kuanzia 20 Novemba 2015 mpaka Novemba 2025 alipokuja Mwigulu Nchemba. Hesabu: kwa Jamhuri ya Muungano ni watu 11, ukimuongeza Mwalimu wa Tanganyika wanakuwa 12. Kawawa ndiye wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano, Nyerere ndiye wa kwanza wa Tanganyika, swali likiuliza "wa kwanza" soma vizuri la nchi gani.

Usisonge mbele kabla hujachora safu ya tatu, alivyoondoka. Uhuru mpaka leo waliondoka kwa njia tofauti sana na ukiandika sababu mbele ya kila jina utaona kitu. Wengi wameondoka kwa sababu Rais aliyewateua ameondoka au ameamua kupanga upya. Mmoja kafa akiwa kazini. Wawili walijiuzulu kwa namna ya kipekee, Nyerere na Lowassa. Kwa kura ya Bunge ya kumtoa, hakuna hata mmoja.

Sasa fungua Katiba. Nasema ifungue kweli, ipo kwa Kiswahili, iliandikwa kwa ajili yako, na usianze mwanzo maana utachoka ukalala, nenda moja kwa moja ibara ya 51, 52, 53 na 53A. Ni kurasa chache tu. Ibara ya 51 inasema Rais atamteua Waziri Mkuu ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, na hateui mtu yeyote tu, lazima awe mbunge wa kuchaguliwa wa jimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi, au kama hakuna chama chenye wengi basi anayeonekana kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Afu jina linapelekwa bungeni, wabunge wanapiga kura kulithibitisha. Majaliwa mwaka 2015 alipata kura 258 kati ya 351, mwaka 2020 akapata zote 350. Linganisha hizo namba mbili afu angalia upinzani ulikuwa na wabunge wangapi kila mara, utaelewa mengi bila mwalimu.

Kuna neno moja pale watu hawalioni: wa jimbo. Maana yake mbunge wa viti maalum hawezi kuwa Waziri Mkuu, wala mbunge wa kuteuliwa na Rais hawezi. Na wanawake wengi bungeni wanaingia kwa viti maalum. Hatujawahi kupata Waziri Mkuu mwanamke, tumepata Rais mwanamke na maspika wawili wanawake, na mi naamini hilo neno moja lina sehemu yake kubwa. Binti anayeniuliza afanye nini ili siku moja awe Waziri Mkuu namjibu wazi, gombea jimbo.

Ibara ya 52 ndo kazi yenyewe. Anadhibiti, anasimamia na kutekeleza shughuli za serikali za siku hata siku, na ni kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Hiyo ya pili watu wanaidharau lakini ni kubwa, miswada ya serikali, ratiba, majibu ya mawaziri, yeye ndo nahodha mle ndani. Mawaziri wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana naye. Baraza la Mawaziri anaongoza Rais, asipokuwepo Makamu, wote wawili wasipokuwepo ndo Waziri Mkuu. Ibara ya 53 inasema anawajibika kwa Rais. Ukifika hapo rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kamweka Rais kwa kuthibitishwa na Bunge, anaweza kumtoa Rais, na Bunge pia linaweza. Anatumikia mabwana wawili. Yule wa Uingereza ana bwana mmoja.

Ibara ya 53A ndo panga la Bunge, kura ya kutokuwa na imani, na masharti yake ni magumu kidogo kwa hiyo yaandike moja moja. Hoja iungwe mkono kwa sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote. Taarifa ifike kwa Spika siku 14 kabla. Isiwe ndani ya miezi 6 tangu ateuliwe, wala kabla ya miezi 9 tangu hoja kama hiyo ikataliwe. Ipite kwa wingi wa wabunge wote, siyo wa waliokuwepo ukumbini siku hiyo. Ikipita anajiuzulu ndani ya siku 2.

Ili haya yasibaki maneno makavu chukua matukio matatu uyasome vizuri, na yote matatu yana mkono wa watu wa huku kwetu.

La kwanza, Februari 2008. Nchi ilikuwa imepita kwenye ukame na mgao wa umeme wa 2006, kukawa na mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, maneno yakawa mengi, Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule na mwenyekiti akawa Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Tarehe 6 Februari 2008 akasoma ripoti. Kesho yake Lowassa akasimama bungeni akasema hakutendewa haki kwa kuwa kamati haikumhoji, na kwamba ameandika barua kwa Rais ya kujiuzulu. Siku zote aliendelea kusema hana hatia. Na hapa jifunze kitu cha kikatiba: Waziri Mkuu akiondoka hivyo na mawaziri wote viti vyao vinakuwa wazi, Baraza lote linavunjika, ndo maana Rais Kikwete ilibidi aunde upya ndani ya siku chache, tarehe 9 Pinda akawa ameshathibitishwa. Mi nilikuwa kwenye basi siku ile natoka Iringa, redio ya dereva iko juu, watu wazima walinyamaza kuanzia Mafinga mpaka karibu Makambako, hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile.

La pili, Aprili 2012. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa mbaya kwa wizara kadhaa, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe akaanza kukusanya sahihi za wabunge za kura ya kutokuwa na imani kwa Pinda, akafikisha asilimia 20 na baadhi ya sahihi zilitoka chama tawala. Spika alikuwa Anne Makinda, mama yetu wa Njombe, mwanamke wa kwanza kuwa Spika nchini. Akasema masharti ya siku 14 hayajatimia na mkutano ule ulikuwa unaisha. Hoja haikuwasilishwa. Ila Mei ikaanza na Rais akabadili Baraza, mawaziri 6 wakaachwa. Kwa hiyo panga halikukata lakini limeonyeshwa na lilifanya kazi. Waulize vijana wako, Makinda alikuwa sahihi? Wakishafungua 53A wenyewe wabishane. Mi naona kwa maandishi ya ibara hakuwa na pa kupitia, lakini nimeshindwa na hoja nzuri zaidi ya mara moja.

La tatu ni la zamani zaidi, 1993 na 1994, kundi la wabunge waliojulikana kama G55 waliodai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano na Bunge likapitisha azimio. Mwalimu akiwa mstaafu akapinga kwa nguvu zote akawanyooshea kidole Malecela na Katibu Mkuu wa CCM wakati ule, Horace Kolimba, mtu wa Ludewa, kwamba hawakumshauri Rais vizuri. Desemba 1994 Malecela hakuwa Waziri Mkuu tena. Hapo unaona mlango mwingine wa kutokea ambao haumo kwenye ibara yoyote, chama.

Mbeya, Iringa na Njombe hazijatoa Waziri Mkuu hata mmoja, kwa upana wa nyanda za juu kusini tuna Kawawa na Pinda. Lakini angalia upande wa wanaomsimamia: Mwakyembe, Makinda, na kuanzia 2022 mpaka 2025 Tulia Ackson akiwa Spika na mbunge wa Mbeya Mjini. William Lukuvi wa Ismani naye alikaa miaka ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu kama waziri wa nchi anayeshughulikia Bunge. Kijana wa huku anayetaka mfano wa karibu asiseme hana.

Baada ya historia mfuatilie aliyepo, na ziko siku tatu za kuweka alama kwenye kalenda. Alhamisi asubuhi Bunge likikaa kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa, utaratibu ulioanza enzi za Spika Samuel Sitta. Maswali hayapewi kabla, anatakiwa kujibu hapo hapo, na ndo sababu ni kipimo kizuri. Juni 2013 jibu moja la Pinda kuhusu polisi na watu wanaokaidi amri lilizua mjadala mpaka kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu. Unaposikiliza gawa ukurasa mara mbili, kushoto swali, kulia jibu, na pembeni weka alama kama amejibu, ameahidi au amezunguka. Alama ya ahadi iwekee tarehe. Miezi sita baadaye rudi uangalie. Vijana wangu wawili walifanya hivyo mwaka mzima na sasa wanasikiliza hotuba yoyote tofauti na wenzao.

Siku ya pili ni Aprili, bajeti ya Ofisi ya Waziri Mkuu huwa inatangulia mbele ya wizara nyingine na hotuba yake inapita juu ya serikali nzima, kilimo, barabara, maafa, ajira. Ndefu, ndiyo, soma ya kilimo kwanza kama uko Mbarali au Mufindi. Siku ya tatu ni ya mwisho ya kila mkutano, Waziri Mkuu ndo anatoa hoja ya kuahirisha Bunge na hotuba yake huwa na maagizo kwa wizara na mikoa. Ukikosa kuangalia, maneno yote yapo kwenye hansadi, tovuti ya Bunge inaweka bure, na ni muhimu kusoma hansadi kuliko klipu ya sekunde 30 uliyotumiwa kwenye simu maana klipu hukatwa mwanzo na mwisho. Na kama shule au kikundi chenu mnaweza kuchangishana nauli, mwandikieni mbunge wenu mapema mwende Dodoma kama wageni wake, basi la asubuhi linapita Iringa na Mtera, vaeni nguo za heshima.

Kingine, mjue ni lipi la kumpelekea na lipi siyo lake. Mtaa mmoja ninaoufahamu watu walikusanya sahihi kuhusu daraja la miguu wakazipeleka mbali kabisa ngazi za juu, wakasubiri zaidi ya mwaka, wakati lilikuwa jambo la halmashauri na diwani alikaa nyumba ya tano. Ilinisikitisha sana maana waliandika vizuri na kwa heshima. Na TAMISEMI yenyewe, inayosimamia mikoa na halmashauri, imehamahama, kuanzia 2006 mpaka 2015 ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Desemba 2015 ikahamia Ofisi ya Rais, na Novemba 2025 ikarudi Ofisi ya Waziri Mkuu. Karatasi nyingi za zamani zina anwani ya zamani. Kwa hiyo anza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, diwani, halmashauri, mkuu wa wilaya, mbunge wako, na Waziri Mkuu akija ziarani mkipata nafasi ya kusema, mwende na nakala za barua zote mlizoandika huko chini na tarehe zake. Mtu mwenye karatasi mkononi mbele ya msafara husikilizwa tofauti na anayepaza sauti.

Mwisho wa daftari acha kurasa kumi za wazee. Shikamoo kwanza, kaa chini, usianze na maswali ya mtihani. Ukimuuliza bibi Waziri Mkuu ana majukumu gani atasema sijui mjukuu wangu. Muulize 1983 mlikuwa mnanunua wapi sabuni, nani alikamatwa hapa mtaani, mlisikiaje habari za Sokoine na mlikuwa wapi. Ukiwa Iringa mtafute mzee aliyekuwa mjini Mei 1972 akueleze walivyopokea wageni wa TANU na bwana shamba alisema nini wiki iliyofuata. Songea waulize habari za Kawawa alivyokuwa akija nyumbani. Andika kama anavyosema, na jina la kijiji, na mwaka ukiujua, afu ufuate mstari wako uone anakaa wapi.